Seva inapiga, simu iko mteja

Wiki tatu mfululizo dada mmoja anayechora ramani za viwanja ofisini kwetu mjini Mwanza alikuwa ananipigia kila asubuhi na neno ni lile lile, "kaka, imeganda tena." Yani anabonyeza kuhifadhi, dirisha linakuwa jeupe, kiduara kinazunguka, anakaa anasubiri, halafu ghafla faili linahifadhika kama vile hakukuwa na kitu. Mara sekunde 40, mara dakika nzima na zaidi. Na ikishaganda mara moja asubuhi, siku nzima inakwenda safi mpaka kesho yake tena. Nikapima mtandao uko poa, diski za seva nzima, waya nikabadilisha, mwisho hata kompyuta yenyewe nikampa nyingine, wapi.

Nataka nieleze kwa kirefu kilichokuwa kinatokea, maana hiki ni kitu mafundi wengi tunakipita juu juu, tunasema NFS (ile njia ya kompyuta kufungua mafaili yaliyoko kwenye seva kupitia mtandao) ndo ilivyo, inaganda, tunarestati seva tunaondoka. Ina sababu, na sababu yenyewe inaeleweka kabisa ukiifuata taratibu.

Mpangilio wetu uko hivi: seva moja ya Linux iko mjini kati, ofisi ya pili iko Kirumba jirani na Mwaloni, katikati kuna vidishi viwili vya redio vinatazamana juu ya mapaa. Mafaili yote yako kwenye ile seva, kompyuta za pande zote mbili zinayafungua kwa NFS. Kule Kirumba kuna kijana wa laptop, yeye ndo anayeenda saiti kusimika bikoni za mipaka ya viwanja, asubuhi anafungua ramani alizochora dada kuziangalia kabla hajatoka. Mkumbuke huyu kijana na laptop yake.

Sasa swali la kwanza, kwa nini seva ihitaji kumpigia mteja, yani kompyuta inayotumia mafaili yake? Tumezoea kompyuta ndo inauliza na seva inajibu, basi. Na NFS ya zamani, toleo la 3 la mwaka 1995, ilikuwa hivyo kweli, seva haikumbuki nani kafungua faili gani. Kompyuta inakaa na nakala yake ya faili kwenye kumbukumbu na kila baada ya muda inauliza "limebadilika?", kwenye Linux ule muda kwa kawaida ni kati ya sekunde 3 na 60 kutegemea faili linabadilika mara ngapi. Ukiangalia vizuri hapo unaumia mara mbili, kwanza maswali ni mengi na majibu karibu yote ni "hapana halijabadilika", pili katikati ya swali na swali unaweza ukawa unasoma kitu cha zamani bila kujua.

Watu wa chuo cha Carnegie Mellon kule Marekani walikutana na hili mapema, miaka ya 80, walipokuwa wanajenga AFS, mfumo wao wa kushirikiana mafaili, wakishirikiana na IBM. Toleo lao la kwanza kompyuta ilikuwa inauliza kila ikifungua faili, seva ikaelemewa na maswali. Wakageuza mambo, seva ikawa inatoa ahadi: chukua nakala yako, soma upendavyo, usiniulize, likibadilika mimi ndo ntakutafuta. Hiyo ndo kolbeki. NFS toleo la 4, lililoandikwa mwaka 2000 na kurekebishwa 2003, likachukua wazo hilo hilo likaliita deligesheni, hapa nitaliita dhamana, maana ndo kilivyo: seva inamdhamini mteja na faili mpaka litakapohitajika na mwingine.

Fikiria stoo ya dagaa pale Mwaloni. Kuna daftari moja la mzigo. Karani anakuja kila dakika kumuuliza mwenye stoo, mama kuna mabadiliko, mama kuna mabadiliko, mpaka mama anachoka. Anamwambia, baba chukua nakala hii kaa nayo, fanya hesabu zako, mtu akitaka kuandika kwenye daftari ntakupigia kwanza uache kutumia hiyo, halafu ndo aandike. Kazi inakwenda vizuri sana, mama hasumbuliwi na karani hatembei. Sasa karani kapanda boti kaenda kisiwani Ukara na nakala yake. Anakuja mnunuzi, anataka mzigo wake uandikwe saa hiyo hiyo, gari inangoja. Mama anapiga simu. "Mteja unayempigia hapatikani kwa sasa."

Afanyeje? Akiandika kabla karani hajajua, karani kule Ukara anaweza kuuza mzigo ambao haupo. Akikataa kuandika mpaka karani apatikane, mnunuzi analala pale na gari lake. Kila kitu kuhusu kolbeki kupotea kinazunguka kwenye swali la huyu mama, na jibu walilochagua waliotengeneza hizi seva ni kwamba anasubiri, ila kwa muda unaojulikana na pande zote mbili tangu mwanzo.

Huo muda ndo ule mkataba mfupi wa NFS 4. Mteja yeyote mwenye dhamana au kufuli lolote (zuio la wengine wasiguse faili analotumia) ana mkataba na seva wa muda fulani, kwenye seva za Linux kawaida ni sekunde 90, na anatakiwa aupige muhuri upya kabla haujaisha. Mteja wa Linux anafanya hivyo kwenye theluthi mbili ya muda, yani kila baada ya sekunde 60 hivi kama hana kazi nyingine. Akikaa kimya mkataba ukaisha, hana haki tena ya kuamini nakala yake, hata kama hakuna aliyemwambia, saa yake mwenyewe inamwambia. Kwahiyo karani aliyeko Ukara bila mtandao anajua kwamba akipitisha sekunde 90 hajaongea na mama, ile nakala mkononi ni karatasi tu. Ndo maana mama anaweza kuandika kwa amani baada ya kusubiri.

Hiyo ni kesi rahisi, mteja kapotea mzima mzima. Umeme umekatika, mashine imezima, kidishi kimeyumba. Kesi iliyonitesa mimi ni ngumu zaidi, mteja yupo, anaongea na seva kila dakika, anapiga muhuri mkataba wake bila kukosa, ila seva ikimpigia yeye haipokelewi. Njia ya kwenda ipo, ya kurudi imekufa. Na hapo muda wa mkataba peke yake haukusaidii kwa sababu mkataba haufi, unapigwa muhuri kila dakika.

Inakuwaje njia iwe ya upande mmoja? Kwenye NFS 4.0 seva inampigia mteja kwa koneksheni tofauti kabisa na ile anayotumia mteja. Mteja akija mara ya kwanza anaacha namba yake, yani anwani yake ya IP na poti (namba ya mlango wa kuingilia kwenye kompyuta), "ukinihitaji nipigie hapa." Yeye anaingia kwa seva kwenye poti 2049, seva inatoka kwenda kwake kwa namba aliyoiacha. Sasa hesabu vitu vinavyoweza kuharibu hapo. Mteja akiwa nyuma ya rauta inayoficha anwani za ndani, namba aliyoacha haina maana yoyote huku nje. Akiwa nyuma ya fayawoli inayoruhusu kutoka na kuzuia kuingia, na fayawoli nyingi ndo zilivyo, simu ya seva inagonga mlango umefungwa. Hivyo viwili vinajulikana na seva inajikinga navyo mapema, kabla haijatoa dhamana yoyote inapiga kwanza simu tupu ya majaribio, isipopokelewa haitoi dhamana kwa huyo mteja, anafanya kazi kwa kuuliza uliza kama zamani. Nauheshimu sana huo uamuzi, kutokuahidi kitu usichoweza kukitimiza. Shida inabaki pale jaribio la asubuhi limepita vizuri halafu njia ikafa baadaye.

Na ndo kilichokuwa kinatokea Kirumba.

Nilikuja kukigundua kwa bahati, nilienda kule asubuhi kwa shughuli ya printa nikamkuta kijana anaingia. Akafungua laptop akiwa bado amesimama, ikashika waifai, mafaili ya seva yakajiunga, akafungua ramani mbili tatu akawa anaziangalia huku anakunywa chai. Baada ya kama dakika 10 akakaa kwenye meza yake akachomeka waya, na laptop yake imesetiwa hivyo kwamba waya ukiingia waifai inajizima. Mimi namwangalia tu. Dakika chache simu ikaita, dada wa mjini, "kaka, imeganda tena."

Unaona? Kijana alijiunga na seva akiwa kwenye waifai, akaacha namba ya waifai. Seva ikaijaribu, ikapokelewa, ikampa dhamana za kusoma zile ramani. Kisha akabadilisha laini. Koneksheni yake ya kwenda seva ilikatika nukta ile akaanzisha nyingine kupitia waya, kazi ikaendelea, hakuhisi kitu, ila namba aliyoiacha kwa seva ni ile ile ya waifai, mteja wa Linux kwenye 4.0 anaitaja wakati wa kujiunga na hairekebishi yenyewe. Ni sawa na mtu aliyenunua laini mpya, anakupigia wewe kila siku kwa namba mpya lakini kwenye simu yako umemsevu kwa ya zamani, na ukimtafuta unapiga ile ya zamani.

Nikaingia kwenye seva kuhakikisha. Linux za miaka ya karibuni zina folda inaitwa /proc/fs/nfsd/clients, kila mteja ana folda yake, na ndani kuna faili info. Ukilisoma unakuta jina la mteja, toleo analotumia, na mstari unaosema hali ya kolbeki pamoja na anwani ya kolbeki. Kwa laptop ya kijana hali ilikuwa DOWN, yani njia imekufa, na anwani ni ya waifai. Nikaandika ss -tn kuona koneksheni zenyewe, laptop ile ile imeunganishwa poti 2049 kutoka anwani ya waya. Nilikaa pale nikiangalia hiyo mistari miwili, wiki tatu zote jibu lilikuwa limeandikwa pale.

Tufuate sasa zile sekunde za kuganda, maana ndo sehemu ninayoipenda. Dada anahifadhi ramani. Seva inaona kijana ana dhamana ya kulisoma hilo faili, haiwezi kuruhusu kuandika mpaka airudishe. Inamjibu dada "subiri kidogo ujaribu tena", kompyuta yake inasubiri na kujaribu, mwanzo haraka haraka kisha inaongeza nafasi mpaka kufika sekunde 15 kati ya jaribio na jaribio. Wakati huo seva inapiga namba ya waifai. Kimya. Muda wa simu ukiisha inaandika kwamba huyu njia yake imekufa. Haiwezi kumpigia, lakini kumbuka yeye mwenyewe anakuja kila dakika kupiga muhuri mkataba. Akija tu seva inamwambia, mkataba wako nimeupokea ila ujue sikupati kwenye namba yako, jibu lenyewe linaitwa NFS4ERR_CB_PATH_DOWN. Mteja mwenye adabu akisikia hivyo anarudisha dhamana zote mara moja bila kungoja kuitwa. Zikirudi, jaribio linalofuata la dada linapita.

Kwahiyo urefu wa kuganda ulitegemea kijana yuko wapi kwenye ile dakika yake, akiwa ndo kwanza kapiga muhuri dada anangoja karibu dakika nzima, akiwa anakaribia anangoja kidogo, ongeza na zile sekunde 15 za kujaribu tena. Na kama mteja asingekuja kabisa, au angekuja akapuuza, seva ingemfutia dhamana kwa nguvu baada ya muda wa mkataba, zile 90. Hapo ndo nilipoelewa pia kwa nini ilikuwa mara moja tu kwa siku: baada ya kumwandika hapatikani, seva haikumpa tena dhamana nyingine siku hiyo, mpaka kesho asubuhi awashe laptop upya, kwenye waifai, aache namba ya waifai upya.

AFS wao walichagua njia yao kwenye hali kama hii na ni nzuri kuijua. Seva ya AFS ikishindwa kumpata mteja inaweka alama kwamba huyu amepitwa na taarifa, na siku akirudi kuomba kitu chochote kabla hajajibiwa anaambiwa kwanza futa ahadi zote ulizonazo, hakikisha upya kila kitu. Na ahadi zao zenyewe zina tarehe ya kuisha. Tofauti za kiufundi zipo nyingi ila mantiki inakaribiana, aliyepotea akirudi asiruhusiwe kuendelea na alichokuwa anakiamini.

Dawa ya kweli kwa upande wa NFS ilikuja na toleo la 4.1, mwaka 2010. Walichofanya ni kuacha kabisa habari ya kuachiana namba. Mteja anafungua koneksheni moja kwenda kwa seva, na seva ikiwa na neno inalirudisha kwenye koneksheni hiyo hiyo. Rauta inayoficha anwani haikusumbui tena, fayawoli inaona koneksheni moja tu iliyotoka ndani, na kwa kuwa mteja anaongea humo angalau kila dakika hakuna kifaa cha katikati kitakachoisahau kwa ukimya. Pia kila jibu la seva sasa lina nafasi ya kubeba alama, ikiwemo ya "njia ya kukurudia imekufa", kwahiyo mteja anajua kwenye jibu lolote, hangoji zamu ya muhuri.

Lakini msidhani 4.1 hakuna kupotea, kuna sehemu moja inachanganya watu. Koneksheni ikikatika na mteja akafungua mpya, ile mpya inafanya kazi ya kwenda papo hapo, ila ya kurudi haijiungi yenyewe, mteja lazima aseme wazi kwamba koneksheni hii naifunga kwenye kikao changu (session, yani mazungumzo yangu na wewe yanayoendelea hata koneksheni ikibadilika) na uitumie kunirudia. Ombi hilo linaitwa BIND_CONN_TO_SESSION. Asipolituma tunarudi kule kule kwenye njia ya upande mmoja. Akilituma, seva inapitisha upya simu zilizokuwa zimekwama, na kwa kuwa kila simu ina namba yake ya mfuatano, mteja aliyekuwa ameshaipokea kabla laini haijakatika haifanyi mara mbili. Mimi nikiona mteja wa 4.1 ana kolbeki DOWN kwa muda mrefu, hapo ndo pa kwanza kuangalia.

Kwetu nilichofanya ni kidogo tu. Kwenye kila kompyuta nikaandika nfsstat -m kuona toleo, tano zilikuwa na vers=4.0 iliyoandikwa kwa mkono kwenye fstab (faili la orodha ya diski na folda za kuunga), sijui na nani na lini. Nikabadilisha kuwa 4.2, ambayo inatumia vikao vile vile vya 4.1. Angalia hapa, kuomba kuunganisha upya tu haitoshi, toleo halibadiliki mpaka uondoe kabisa ile folda na kuiunga tena. Kama una vifaa vya zamani visivyoweza zaidi ya 4.0 na njia haiaminiki, basi zima dhamana zote kwenye seva kwa kuweka 0 kwenye fs.leases-enable kabla hujaiwasha NFS, utapoteza kasi kidogo lakini hakuna atakayeganda akimngoja mtu asiyepatikana. Mimi ningechagua hivyo kuliko kuishi na kuganda.

Siku ya pili baada ya kubadilisha nikapata shida mpya, kompyuta mbili za mjini zikawa zinanyang'anyana, moja ikifungua mafaili nyingine inapoteza kufuli zake, ikirudi nayo inaiangusha ya kwanza. Kumbe zilikopiwa kutoka diski moja na zote zina jina moja, na mteja wa Linux anajitambulisha kwa seva kwa jina la mashine. Seva ikawa inaona mtu mmoja anayezima na kuwaka kila mara, kila "akiwaka" inafuta ya nyuma. Nikabadilisha jina moja, nikaiwasha upya, kukatulia. Ukikopi diski badilisha jina kabla hujaiunga na seva.

Wiki iliyopita mvua kubwa ilitoka ziwani mchana, ile ya kukufanya usione hata ng'ambo ya barabara, kidishi cha Kirumba kikapotea kama dakika 4. Nilikuwa mjini nimekaa na seva. Dada akahifadhi ramani ambayo kijana alikuwa ameifungua, kule hakuna mtandao kabisa, nikaangalia saa. Aliganda, safari hii kihalali kabisa, seva inangoja muda wa mkataba wa mtu ambaye kweli hayupo. Zilipopita sekunde 90 na kitu likahifadhika. Mvua ilipopungua laptop ya Kirumba ikarudi, seva ikaikatalia mkataba wa zamani, ikajiandikisha upya, na kijana alipofungua ile ramani akapata ya dada, yenye bikoni iliyosogezwa. Nikasoma tena faili la info la mteja wake, kolbeki UP, anwani ya waya.